Springi, gia na kingipini: chuma kipi cha gari kinafaa kufua zana?

Kingipini moja ya lori, ile pini nene inayoshika gurudumu la mbele kwenye ekseli, ilinimalizia nusu gunia la mkaa na Jumamosi nzima. Niliipata kwenye rundo la vyuma chakavu, nzito, nyeusi kwa grisi. Nilipoipitishia tupa, tupa iliteleza bila kuacha hata mkwaruzo, kama unasugua chupa. Nikajiambia hiki ndicho chenyewe. Nikaifua ikawa tindo ya kukatia chuma baridi, nikaitia maji, nikainoa hadi ikang'aa. Pigo la tatu kwenye nondo, makali yakajikunja kama sikio la mbwa aliyelala.

Mzee aliyekuwa akinoa mapanga pembeni hakucheka. Aliigeuzageuza ile tindo mkononi, akanirudishia.

"Ganda lake umelipima, mwanangu. Moyo je?"

Nilichukua muda kuelewa alichoniuliza, na nadhani wengi wanaookota chuma cha magari ili wafue patasi, visu, mashoka na nyundo wanakwama palepale nilipokwama mimi. Tukisema "chuma kigumu" tunafunga mambo matatu kwenye furushi moja. Kuna ugumu wa sasa hivi, ule unaoupima kwa tupa. Kuna ukakamavu, yaani chuma kupigwa na kupindwa bila kuvunjika. Na kuna uwezo wa chuma kugeuzwa kigumu ukikipasha moto na kukipoza ghafla. Jambo la tatu ndilo mhunzi analolitafuta, na ndilo pekee ambalo huwezi kuliona wala kulishika. Kiswahili cha zamani kilikuwa makini zaidi yetu: chuma ni chuma tu, ila kile kinachoshika makali kiliitwa pua, au feleji. Gereji za leo zimeyasahau maneno hayo, na pamoja nayo tofauti yenyewe.

Kinachotenganisha chuma na pua ni kaboni, tena kidogo mno. Ukichukua tani moja ya chuma cha springi, kaboni iliyomo ni kama kilo 6. Tani moja ya beringi ina kama kilo 10. Bati la bodi ya gari huwa na kilo moja au chini yake, na nondo ya kawaida kilo mbili hivi. Ukivuka kilo 20 unaingia kwenye chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu. Hicho hakifuliwi kabisa, kwa maana ukikipiga kikiwa na moto kinamomonyoka kama kashata.

Moto unafanya nini hapo? Chuma kikipita nyuzi joto 750 hivi, mpangilio wake wa ndani unabadilika na kaboni inayeyukia ndani yake, kama chumvi kwenye maji moto. Ukikiacha kipoe taratibu, kaboni inapata nafasi ya kujitenga na chuma kinarudi kuwa laini. Ukikipoza ghafla, kaboni inanaswa mahali ambapo haikutakiwa kubaki, chuma kizima kinabanana, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Kama kaboni haimo, poza utakavyo, hakuna cha kunaswa. Kwa hiyo ugumu unaoupima kwa tupa sokoni unakuambia habari za moto wa mwisho ambao kipande kile kilipitia kiwandani. Kuhusu kitakachotokea kwenye moto wako, haukuambii lolote.

Sasa irudie kingipini yangu. Viwandani, pini na gia nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo, kisha huwekwa kwa saa kadhaa ndani ya tanuri lenye hewa iliyojaa kaboni. Ngozi inakunywa kaboni hadi kina cha milimita moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, na ikipozwa inakuwa ngumu kupita tupa. Ndani kunabaki laini. Ni hekima kubwa kwa gari, maana ngozi haichakai na moyo hauvunjiki lori likipiga shimo. Kwa tindo ni hasara tupu. Nilipoinoa, nilimenya ganda na kuacha makali ya chuma kisicho na tofauti kubwa na ile nondo niliyokuwa nikiikata.

Upande wa pili kuna springi. Hiyo kiwandani hutiwa ugumu wote, kisha hupashwa tena ili ulegee, iweze kupinda na kurudi mara mamilioni bila kukatika. Tupa nzuri huing'ata, kwa shida, lakini huing'ata. Kwa hiyo kwa kipimo cha tupa, gia inaishinda springi. Kwenye moto wa mhunzi, springi inaishinda gia, tena kwa mbali.

Uliza kipande kilikuwa kinafanya kazi gani

Chuma chakavu hakiji na cheti. Unachoweza kukisoma ni kazi yake ya zamani. Mtengenezaji wa gari hatoi hela ya bure: palipotakiwa kunepa na kurudi ataweka kaboni ya kutosha, palipotakiwa umbo tu ataweka chuma cha bei ndogo.

Springi bapa za lori na pikapu ndizo mama wa zana zote za mtaani, na kwa sababu nzuri. Magari mengi yanayoishia kwenye magereji ya Gerezani pale Dar au kuuzwa vipande vipande Nairobi na Mombasa ni ya Kijapani, na Wajapani wana daraja la chuma cha springi liitwalo SUP9, lenye kaboni kama asilimia 0.56 na kromi na manganizi kidogo. Wamarekani wana ndugu yake wa karibu wanayemwita 5160, mwenye kaboni kama asilimia 0.6. Tofauti yao kwenye moto wa mkaa huioni. Kromi inasaidia chuma kikubali ugumu hata kikipozwa polepole kidogo, ndiyo maana mafuta yanatosha na maji yanadhuru.

Lakini si kila springi ni hiyo. Land Rover na malori ya zamani ya Kiingereza mengi yalikuja na springi za silikoni na manganizi, daraja ambalo Waingereza waliliita EN45. Nazo Wachina wana zao za silikoni, na malori yao yamejaa barabarani. Zinafuliwa vizuri na zinashika makali, ila ukizipiga cheche kwenye jiwe zinaonekana maskini wa kaboni kuliko zilivyo, kwa sababu silikoni huzima cheche. Wapo wanaozitupa kwa kosa hilo. Mimi nilitupa seti nzima mwaka mmoja, na aliyeziokota ametengenezea mapanga ambayo hadi leo yananitazama kwa dharau kila nikipita kwake.

Unene nao ni wa kuzingatia kabla hujalipa. Springi za pikapu huwa milimita 6 hadi 8, zinafaa visu, mundu na patasi nyembamba. Za lori huanza milimita 10 kwenda juu, na hizo ni za shoka, tezo na zana za kukatia chuma cha moto. Ukinunua nene ili utengeneze kisu, utaulipia ule unene kwa mkaa na mabega.

Springi za koili ni chuma cha ukoo uleule, ila kwa umbo la fimbo ya mviringo. Ndizo bora kwa tindo, vitoboleo na bisibisi nzito, kwa sababu nusu ya kazi ya kupata umbo imeshafanyika. Tosheni baa, ile fimbo ndefu inayojisokota chini ya baadhi ya pikapu na mabasi madogo, ni hazina: imenyooka tayari. Fimbo ya stabilaiza huwa nzuri pia, japo nyingine ni bomba lenye uwazi ndani, kwa hiyo angalia mwisho wake kabla hujafurahi.

Ekseli za nyuma, zile shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu, zina kaboni ya katikati, aghalabu asilimia 0.4 hadi 0.5. Hazitakupa wembe. Zitakupa nyundo nzuri sana, na tezo, na vichwa vya sururu, maana nyundo inataka ukakamavu kuliko ugumu. Shafti ya lori ikisimamishwa wima ndani ya gogo lililochimbiwa ardhini, sahani yake, ule uso mpana wa kufungia gurudumu, ikiangalia juu, inakuwa fuawe inayopita vipande vingi vya bapa ninavyoviona watu wakihangaika navyo. Piga katikati, juu ya shafti yenyewe, ambako chini ya nyundo yako kuna karibu mita nzima ya chuma. Ukipiga pembeni mwa sahani inaruka tu na kukurudishia nguvu zako.

Beringi zina kaboni kama asilimia moja na kromi asilimia moja na nusu. Makali yake ni ya kusifiwa. Tabia yake ni mbaya: haitaki kufuliwa ikiwa imepoa hata kidogo, na haitaki kuunguzwa, kati ya hayo mawili nafasi ni finyu. Mwanafunzi aiache. Tena zile beringi za tepa za magurudumu makubwa nyingine zimelishwa kaboni kwenye ngozi tu, kama kingipini yangu, kwa hiyo hata jina la beringi si dhamana.

Gia na pini za pistoni tumeshazimaliza. Krankishafti nyingine zimefuliwa na nyingine zimesubiwa, kamshafti nyingi zimesubiwa, ngoma na diski za breki zote hizi za kawaida ni chuma cha kusubu. Usipoteze mkaa. Ngoma ya breki ya lori ina kazi yake nyingine: igeuze, itobolee njia ya upepo chini, umepata kitako cha tanuri.

Jiwe, sumaku na kipande cha kuvunja

Kazi ya zamani inakupa dhana tu, na dhana lazima ihojiwe. Hatua ya kwanza ni cheche. Ukigusa nondo kwenye jiwe la grainda, cheche zinatoka ndefu, zimenyooka, chache zinapasuka. Springi inatoa mistari mifupi zaidi na mwishoni inachanua matawi. Tupa kuukuu inamwaga maua karibu na jiwe lenyewe, kama fataki. Chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazokufa haraka. Siri ya kusoma cheche ni kutosoma kimoja peke yake. Ninaning'iniza ukutani nondo, springi ninayoijua na tupa iliyokufa, nagusisha kimoja baada ya kingine pamoja na kile kigeni, jioni au kwenye kivuli, na jicho linaamua lenyewe. Mchana wa jua kali, hata fundi wa miaka 30 anabahatisha.

Cheche pia hutoka kwenye ngozi. Kwa kipande unachokishuku, saga kidogo upate kina cha milimita tatu, halafu tazama tena. Kama maua yamepungua, umekutana na ganda.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la kuvunja. Kata kipande cha urefu wa kidole, kisizidi milimita 5 au 6 kwa unene, na kikwaruze mstari mmoja katikati kwa tupa. Kipashe moto huku ukikigusisha sumaku mara kwa mara. Kwanza kitakuwa na rangi ya damu ya mzee, na sumaku bado itakishika. Kikifika wekundu wa nyanya mbivu, sumaku itaacha kukivuta: hapo ni karibu nyuzi 770. Ongeza moto kidogo tu, kisha kizamishe kwenye mafuta ya kula yenye joto la chai inayonyweka. Mafuta ya baridi ni mazito na hayakimbizi moto haraka. Yakipata joto kidogo yanakuwa mepesi na yanapoza vizuri zaidi, jambo ambalo kila ninayemwambia anadhani namtania.

Kikishapoa, kipitishie tupa. Ikiteleza, kibane kwenye jiliwa, funika kwa kitambaa kinene, vaa miwani, piga nyundo. Kinapokatika, usitupe macho pembeni, sehemu iliyovunjika ndiyo barua yenyewe. Ukiona kijivu laini, kimefumana kama kitambaa cha bafta, chembe hazionekani, una pua ya kweli na moto ulikuwa sahihi. Ukiona chembe zinang'aa kama sukari, chuma huenda ni kizuri ila umekiunguza. Rudia kwa kipande kingine na moto mdogo. Ukiona ukingo wenye rangi moja umezunguka moyo wenye rangi nyingine, kama muhogo na ganda lake, hiyo ni ile kingipini yangu. Na kama hakikuvunjika bali kimejipinda, rudia kwa maji badala ya mafuta. Kikijipinda tena, ni chuma laini. Kitengenezee koleo.

Nasema koleo kwa makusudi. Wapo wanaofua koleo za mhunzi kwa springi wakidhani zitadumu zaidi. Koleo hushinda motoni na kila mara huchovywa majini zipoe. Ya springi siku moja itachovywa ikiwa nyekundu, nayo itakatika mkononi ikiwa imeshika kilo mbili za chuma cha moto. Nondo inatosha.

Kuvunja ili kujua si mbinu ya majuzi. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya huko Kagera waliokumbuka kazi ya kuyeyusha chuma walijenga tanuri tena, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo: matanuri ya eneo lile yalikuwa yakitoa chuma chenye kaboni, pua hasa, tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Bonge linalotoka kwenye tanuri la namna ile halina kaboni sawasawa kila mahali. Upande mmoja laini, upande mwingine pua. Mhunzi lazima alipasue na kuchambua. Ukikaa mbele ya rundo la vyuma vya gari huna hali tofauti sana na yake, isipokuwa bonge lako limetoka Yokohama.

Nyufa

Springi haifiki kwenye chuma chakavu kwa kupenda. Mara nyingi imekatika, au mwenzake aliyelalia juu yake amekatika, na barabara iliyomuua mmoja imeshawaanza na wengine. Nyufa huanzia kwenye tundu la senta bolti, kwenye mashikio ya busi, na pale yubolti zinapobana. Hazionekani kwa macho. Ukizipeleka motoni zitavumilia, zitakuacha ufue siku nzima, ukate, unoe, kisha ukizamisha kwenye mafuta utasikia "tik!" ndogo, na hiyo sauti ukishaisikia mara moja unaitambua maisha yako yote.

Kipimo chake ni cha bei ya chai. Sugua springi kwa brashi ya waya hadi kutu na rangi vitoke. Ipake mafuta ya taa, iache robo saa yapenye, kisha ifute ikauke kabisa na uipake unga wa chaki. Ipige nyundo kidogo kidogo. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha yatachungulia na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Sehemu yenye tundu au shikio mimi huikata na kuitupa hata kama mstari sijauona, sentimita tano kila upande. Mkaa ni ghali kuliko springi.

Koili na fimbo za tosheni zipime vivyo hivyo. Na kama koili bado imebanwa ndani ya shokapu yake, usiiguse na grainda. Ile ni nguvu ya gari zima imelala inasubiri mlango ufunguliwe.

Tindo kutoka kwenye koili

Tuseme kipande kimepita mitihani yote. Kata kama sentimita 20 ya koili, ipashe na uinyooshe. Moto wa kufulia ni rangi ya chungwa kuelekea njano. Ikirudi kwenye wekundu wa giza, simamisha nyundo. Chuma cha springi kikipigwa kikiwa kimepoa hakilalamiki papo hapo. Kinahifadhi ufa wake hadi siku ya kuzimwa, yaani kupozwa ghafla. Umbo likishapatikana, usikiache hewani. Kipande chembamba cha chuma hiki chenye kromi kinaweza kujipatia ugumu kwa upepo tu, na kesho tupa yako italia. Kizike kwenye jivu lenye joto hadi asubuhi.

Asubuhi unatengeneza makali kwa tupa, ukiyaacha na unene wa kama milimita moja, usiyanoe bado. Kisha pasha ncha tu, sentimita sita hivi, hadi sumaku iache kuvuta. Zamisha sentimita tatu za mwisho kwenye mafuta huku ukiipandisha na kuishusha kidogo, ili pasitokee mstari mkali kati ya palipopoa na palipo na moto. Toa. Sasa fanya haraka: sugua upande mmoja kwa kipande cha jiwe la grainda hadi ung'ae kama fedha, na utazame.

Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Moto uliobaki kwenye shingo unaanza kutembea kuelekea makali, na mbele yake unatanguliza rangi. Kwanza nyasi kavu. Nyuma yake kahawia, halafu zambarau, halafu buluu ya shingo ya njiwa. Kila rangi ni kiasi cha ulegevu: nyasi kavu ni nyuzi 220 hivi, zambarau ni karibu 280, buluu karibu 300. Ukizima kwenye nyasi kavu utapata makali ya kisu, ambayo kwenye tindo yatamegeka. Ngoja zambarau ifike kwenye makali na buluu iwe imekaribia, ndipo uizamishe nzima. Kama moto wa shingo haukutosha, ipashe tena kwa mbali, taratibu, ukianzia kichwani. Ila usiiache tindo iliyotoka kwenye mafuta bila kuilegeza ukasema utamalizia kesho. Wakati mwingine kesho unaikuta imepasuka yenyewe juu ya meza.

Kichwa cha tindo, upande wa kupigwa nyundo, kibaki laini. Chuma kigumu kikipigwa na nyundo ngumu kinarusha vibanzi, na jicho halina spea.

Kwa kisu au patasi ya mbao mtu mwenye oveni ya jikoni ana bahati. Nyuzi 200, saa moja, mara mbili, na rangi inakuwa sawa kila mahali. Mke wangu ameweka sharti moja tu, kwamba chuma kioshwe mafuta kabla ya kuingia, na ni sharti la haki.

Mafuta ya kuzimia yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko wa chuma, maana yatawaka, si labda. Yakiwaka funika, usimwagie maji. Oili chafu ya injini inatumika kila mahali kwa sababu ni ya bure, lakini moshi wake una masizi na mabaki ya metali ambayo hupaswi kuyavuta. Mafuta ya kula yaliyokaangia chipsi yanafanya kazi ileile na karakana inanukia sambusa.

Vitu vya kutoingiza motoni

Shokapu na zile fimbo za gesi zinazoshikilia mlango wa nyuma ni mabomu madogo. Zimefungwa na zina shinikizo ndani. Valvu za egzosi za baadhi ya injini zina uwazi uliojazwa sodiamu ili zipoe vizuri, na sodiamu ikikutana na maji inalipuka, kwa hiyo valvu usizikate wala kuzipasha. Bampa na nati zenye kromi au zinki zikiungua hutoa moshi. Ule wa zinki unaleta homa na baridi usiku wake kama malaria, na wa kromi ni mbaya zaidi. Vumbi la breki na klachi za magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto, usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Loweka, futa, tupa kitambaa.

Kuna pia chuma kinachofaa kabisa kwa kazi na kisichofaa kwa dhamiri. Kipande cha reli ni fuawe nzuri. Lakini nani amekitoa relini? Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme, na ikairuhusu tena Mei mwaka huohuo kwa masharti. Katika miezi ile mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hawakuwa na hatia ya nguzo yoyote, ila chuma kilipopotea sokoni kilipotea kwa wote. Springi ina faida hiyo pia: unaikuta gereji, unaliona gari lake limesimama juu ya mawe likisubiri mpya, na fundi anakuandikia risiti bila kuulizwa mara mbili. Muulize na gari lilikuwa la aina gani, aiandike humohumo.

Kwangu kile kipande kilichovunjwa sikitupi. Nakifunga kwa waya kwenye springi kilikotoka, uso uliovunjika ukiangalia nje, na juu ya springi naandika kwa rangi nyeupe: Fuso, mafuta, zambarau. Ile kingipini nayo iko ukutani pamoja nao, imefungwa waya wake, imeandikwa neno moja tu: ganda.